Sketi ya solo na upepo wa Dodoma
Jamani, sketi zangu sasa nashona mwenyewe sebuleni. Mafundi wa "njoo kesho" tutasalimiana tu njiani 😂 Leo ni zamu ya solo, ile ya duara kamili. Hesabu yake wala haitishi: kiuno gawanya kwa 6.28, unapata kipimo cha kuchorea tundu la kiuno, toka katikati ya duara hadi ukingoni. Changu sentimita 76, ikaja 12 na ushee. Kitenge cha pamba nilikiloweka kwanza, kisije kusinyaa baada ya kushonwa. Kwa jua letu hakikawii kukauka. Kabla ya kukunja pindo, iache ining'inie usiku kucha maana upande wa mshazari hushuka. Pindo lenyewe naweka nene makusudi. Upepo wa mwezi wa saba huku mnaujua, hasa mnaopanda bodaboda!