Cantalach: Waayalandi nao wana neno la mtu wa kisirani

Kama unamjua mtu ambaye ukimuuliza tu saa ngapi anakujibu ni kama umemkanyaga, Kiayalandi kina neno lake, cantalach. Sio hasira za kurusha sahani, hapana, ni ile ya kununa na kunung'unika, mtoto aliyekosa usingizi, mzee analalamika chai haina majani, konda wa gari za Kawangware ukimpa noti ya elfu asubuhi na mapema. Limetoka kwa nomino cantal, yaani huo mnuno wenyewe, wakaongeza -ach mwishoni, na hiyo ch isome kama kh ya watu wa Pwani wakisema kheri.

Sasa sarufi ndio tamu. Kivumishi kinafuata nomino kama kwetu, na kinabadilika kichwani kama kwetu, mtu mkali watu wakali, kwa hivyo sisi hatuna haja ya kushtuka. Fear cantalach ni mwanamume wa kisirani, lakini bean, mwanamke, ni nomino ya kike kwa hivyo unaandika bean chantalach, c imelainishwa ikawa ch. Ukienda kwa wingi mambo yanageuka kabisa: wanaume ni fir chantalacha, wanawake ni mná cantalacha, yaani ile h imewahama wanawake ikahamia wanaume! Hapo kwa wingi hawaangalii jinsia, wanaangalia nomino imeishia wapi, fir inaishia kwa konsonanti nyembamba (wenyewe wanaiita hivyo, ulimi unapanda ni kama unataka kusema i) na mná inaishia kwa vokali. Mi naona ni uchokozi tu, lakini sheria ni sheria.

Halafu ukianza sentensi na tá, kitenzi chao cha kuwa, kila kitu kinatulia. Tá sé cantalach, ana kisirani, tá na mná cantalach, hao wanawake wana kisirani, hubadilishi chochote, na sisi hapo bado tungekuwa tunahangaika na ni wakali, ni vikali, ni makali. Ila hiyo tá inaweza kuwa ya leo tu, ameamka vibaya. Ukitaka kusema ndivyo alivyoumbwa ni Is duine cantalach é, yeye ni mtu wa kisirani.

Kulinganisha nako ni rahisi, níos cantalaí, wa kisirani zaidi, hiyo unaweza kuitupa hata kwa WhatsApp ya familia na hakuna atakayejua unamsema nani.