Kesho narudi Mbeya

Nimetoka kukata tiketi Mbezi, stendi ya Magufuli. Basi ni la alfajiri.

Wengi mnajua nilikuja Dar kufuata kazi ya duka Kariakoo. Duka likafungwa, nikahangaika na vibarua, na sasa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Nimepiga hesabu, imegoma.

Nilichoogopa ni kumpigia mama.

Nikazunguka weee. Nikaulizia mvua, nikaulizia viazi, mpaka akanikatisha: "Unakuja lini, mwanangu?"

Nikamwambia kesho.

"Basi sweta shika mkononi, usiliweke kwenye buti. Ukifika Makambako utalitafuta."

Hakuuliza kazi. Hakuuliza hela. Sweta tu! Nimecheka peke yangu pale stendi mpaka konda akanigeukia. (Na sweta lenyewe sina, joto la Dar lilinifanya niligawe.)

Kuna feni hapa, bado inapuliza vizuri. Kwetu Uyole, huko Mbeya, siipeleki, watanicheka. Anayeitaka aje Kimara leo kabla ya saa mbili usiku, bei tutaelewana.

Na nyie mliowahi kurudi nyumbani, mlianza kumwambia nani? Alisemaje?