Jinsi nilivyoondoa umanjano kwenye lenzi ya Takumar

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mpigapicha wa studio mjini Tanga, aliniachia kamera ya Pentax Spotmatic pamoja na lenzi yake ya Super-Takumar, milimita 50, f/1.4 (yaani yenye tundu pana la kuingizia mwanga), iliyokuwa imekaa miaka mingi ndani ya mkoba wa ngozi. Nilipoielekeza dirishani niliona nyuzi za kuvu zilizotambaa kwenye vioo vya mbele, na nyuma yake umanjano kama wa chai nyepesi.

Kuvu haikunisumbua sana. Nilifungua pete ya mbele kwa kizibo cha mpira, nikatoa vioo kimoja kimoja huku nikitia alama upande wa kila kimoja, kisha nikavipangusa kwa pamba iliyolowa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Nyuzi zilitoka, isipokuwa mahali pamoja ambapo tindikali ya kuvu ilikuwa imekwisha kuula utando unaozuia mng'ao, na jeraha la namna hiyo halina dawa ya nyumbani.

Umanjano haukutoka hata kidogo. Fundi mmoja alinishauri nisugue kwa dawa ya meno, nami namshukuru Mungu kwamba sikufanya hivyo, kwa sababu rangi ile haiko juu ya kioo bali imo ndani yake. Kampuni ya Asahi ya Japani, iliyotengeneza Takumar, ilitia oksidi ya thoriamu, metali yenye mionzi ya nyuklia, katika baadhi ya vioo vya lenzi hizi ili vipinde mwanga kwa nguvu bila kuzitawanya mno rangi zake, na mionzi ya thoriamu hiyo hiyo ndiyo inayokigeuza kioo kuwa cha manjano kadiri miaka inavyopita. Hatari kubwa ni kuvuta vumbi la kioo hicho, kwa hiyo mtu asithubutu kukisaga.

Tiba yake ni mwanga wa urujuanimno (UV), ambao jua letu linao tele. Niliiweka lenzi uani, si nyuma ya dirisha, kwa kuwa kioo cha dirisha huzuia sehemu ya mwanga huo. Upande wa nyuma niliuelekeza juani, mbele nikaziba kwa karatasi ya jaribosi ili mwanga urudi ndani na usikusanyike ukachoma meza, na mwili wake nikauviringishia kitambaa cheupe ili grisi isiyeyuke. Nilianika kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, nikikaa kando yake muda wote, na kila Ijumaa niliilaza juu ya karatasi nyeupe kupima rangi. Wiki ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo. Mwisho wa wiki ya tano karatasi ilionekana nyeupe.

Umanjano hurudi polepole lenzi ikifungiwa gizani, kwa hiyo mkoba wa ngozi nimeuacha, na lenzi inakaa kwenye rafu yenye mwanga na hewa. Lile jeraha la kuvu bado hutia ukungu pichani ninapolikabili jua, basi harusi za mchana huzipiga jua likiwa mgongoni mwangu.