Siku moja kwenye mkanda wa minofu Mwanza: mweko na shata

Saa 12:30 asubuhi. Sangara wa kwanza hajapita. Kioo cha boksi la kamera inayokagua kila mnofu unaopita kinafutwa kwa kitambaa kikavu, maana ukumbi ni baridi na unyevunyevu hutanda kioo. Picha ikitoka na ukungu, mtu hukimbilia kuzungusha lenzi. Acha lenzi, futa kioo.

Saa 1:00. Jaribio la giza. Taa ya mweko, inayowaka kufumba na kufumbua kwa kila picha, inazimwa, picha inapigwa. Lazima itoke nyeusi. Ukiona hata kivuli cha mkanda, mwanga wa dari unapenya. Kwa umeme wetu wa hezi 50, taa nyingi za dari hupepesa mara 100 kwa sekunde, basi picha moja itang'aa na inayofuata itafifia. Shusha pazia jeusi.

Saa 2:00. Mkanda unakwenda mm 500 kwa sekunde, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mm 0.2 za mkanda. Mweko wa mikrosekunde 200 unaukamata mnofu ukiwa umesogea mm 0.1, nusu pikseli. Kwa taa ya kuwaka muda wote na shata (mlango wa mwanga wa kamera) wazi milisekunde 5, ungesogea mm 2.5, doa la damu lingekuwa mchirizi.

Saa 4:20. Picha zote hafifu tangu zamu ibadilike. Kuongeza geini, yaani kukuza ishara ya kamera, ni kuongeza chengachenga tu. Osiloskopu, chombo cha kuchora ishara za umeme kwa wakati, inatolewa: probu moja kwenye waya wa sensa inayouona mnofu na kuamuru picha, nyingine kwenye fotodayodi (kihisi mwanga) iliyoelekezwa kwenye taa. Mweko unaanza mikrosekunde 60 baada ya shata kufunguka, kwa sababu optokapla ya kamera, kiungo kinachopitisha ishara ya kuwasha taa, haiitiki papo hapo. Shata nayo imepunguzwa kutoka mikrosekunde 300 hadi 220, eti picha ikazwe. Hesabu: 60 + 200 = 260. Mikrosekunde 40 za mwanga, yaani moja ya tano, zinawaka shata ikiwa imeshafungwa. Gizani, kinachogandisha picha ni mweko. Shata kazi yake ni kuusubiri. Inarudishwa 300.

Saa 7:00. Umeme umekatika, jenereta inanguruma. Volti 24 za kidhibiti cha taa zinapimwa, basi.

Saa 9:10. Matone ya maji yanaichokoza sensa, taa inawaka mara mbili kwa mnofu mmoja. LED za taa hii ya mweko zinasukumiwa mkondo mkubwa kuliko kawaida yake. Zinapona kwa kupumzika kati ya mweko na mweko. Sensa inaamriwa kupuuza ishara kwa milisekunde 80, sawa na mm 40 za mkanda.

Saa 11:00. Kabla ya maji ya kuoshea, karatasi inabandikwa ndani ya mlango wa paneli: shata 300, mweko 200, kuchelewa 60. Na nywila ya kamera inabadilishwa, shata isiguswe tena.