Ndege mkubwa kama meli ya vita

Katika filamu zote za zamani za kutisha nilizowahi kuangalia, hakuna iliyonichekesha kama The Giant Claw, ambayo Fred F. Sears aliiongoza na ikatoka Marekani mwaka 1957, na naamini inachekesha kiasi hicho kwa sababu waigizaji wake hawakuwa na habari kabisa kwamba wanachekesha.

Hadithi yenyewe imepangwa kwa heshima zote. Mhandisi Mitch MacAfee, anayeigizwa na Jeff Morrow, yuko angani akirusha ndege ya majaribio anapoona kitu kikubwa kikimpita kwa kasi ya ajabu, ilhali rada haioneshi chochote. Wakubwa wa jeshi wanamwona mzushi mpaka ndege nyingine zinapoanza kupotea. Kila anayesimulia alichokiona anarudia maneno yale yale, kwamba kilikuwa kikubwa kama meli ya vita, na maneno hayo yanarudiwa mara nyingi hadi mtazamaji naye anaanza kuyaamini. Kwa muda mrefu tunaoneshwa kivuli tu kisichoeleweka, na katika sehemu hiyo filamu inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Kisha dude linajitokeza. Ni kikaragosi chenye shingo ndefu iliyo uchi, macho yaliyotoka nje, matundu ya pua yanayotanuka, meno ndani ya mdomo wa ndege, na kishungi cha nywele chache zilizosimama utosini. Mtu angedhani ni kuku aliyenyonyolewa nusu akamponyoka mchinjaji pale sokoni Kisutu, Dar es Salaam.

Niliiangalia Sinza, sebuleni kwa dada yangu, pamoja na watoto wake na Mjomba, ambaye hapendi mtu aongee filamu ikiendelea. Dude lilipotanda kwenye kioo, mdogo kuliko wote akauliza kwa adabu, "Babu, huyo ndiye tuliyekuwa tunamngoja?" Mjomba hakujibu, ila mabega yalikuwa yakimtikisika. (Dar es Salaam tunaishi na kunguru wanaodokoa chakula sahanini mchana kweupe, na hata hao wana sura ya kuogofya kuliko huyu.)

Lawama zote nazipeleka kwa mtayarishaji, Sam Katzman, aliyejulikana kwa kubana matumizi. Kazi ya kutengeneza kikaragosi ilipelekwa Mexico kwa bei nafuu, na waigizaji hawakukiona wakati wa kupiga picha; waliambiwa tu watazame angani na kuogopa, kila mmoja akiwa na jinamizi lake kichwani. Morrow alisimulia baadaye kwamba alikwenda kuitazama filamu hiyo katika mji wa kwao, watu wakawa wanaangua kicheko kila dude lilipotokea, naye akatoroka ukumbini kabla haijaisha ili asitambuliwe. Namwonea huruma, kwa kuwa aliigiza vizuri. Mara Corday naye, aliyecheza kama mtaalamu wa hisabati, anazungumza kwa utulivu na akili kana kwamba yumo katika filamu nyingine kabisa, na kadiri wawili hao wanavyozidi kuwa makini, ndivyo kicheko kinavyozidi kuwa kikubwa. Mchekeshaji aliyekusudia kuchekesha angekonyeza jicho mahali fulani, na mambo yangeharibika.

Sayansi yake sina haja ya kuichambua sana: dude limetoka kwenye galaksi ya antimata (yaani maada iliyo kinyume cha hii yetu ya kawaida), limezungukwa na ngao isiyopenyeka, na kwa hiyo makombora hayafui dafu mbele yake. Linawadokoa angani marubani walioruka kwa miamvuli, linanyakua garimoshi ambalo ni wazi limetoka duka la vitu vya watoto, kisha linatua juu ya jengo la Empire State, New York, likipepesa macho.

Kwa atakayeitafuta, ombi langu ni kwamba asiruke sehemu ya mwanzo kwa haraka ya kumfikia ndege. Vipande vifupi vinavyosambazwa kwenye simu vinaonesha kikaragosi peke yake, nacho kikiwa peke yake kinachekesha kidogo tu. Ni lazima kwanza uwasikilize wanajeshi wale wenye nyuso ngumu wakijadili, kwa dhati ya moyo, ile meli ya vita yenye mabawa.