Nao Hawakuelewa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Wiki hii tusome Luka 2:41-52, pale Yesu anapobaki Yerusalemu akiwa na miaka 12. Injili hii tumeizoea, na kwa kuwa mwisho wake tunaujua tunaipita haraka. Safari hii tuisome taratibu. Wazazi wanatembea siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani. Wanamtafuta kwa ndugu na jamaa, hayupo. Siku ya tatu wanamkuta hekaluni katikati ya walimu, anasikiliza na kuuliza maswali. Maria, huyu huyu tunayemwita Kikao cha Hekima, yanamtoka kama yanavyomtoka mama yeyote: "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Mtoto anajibu, na Luka anaandika kwa kifupi kwamba wazazi hawakuelewa alichowaambia.

Somo hili nimelichagua kwa ajili ya wazazi ambao mtoto amewaambia, au wameona wenyewe kwenye simu yake, kwamba anavutiwa na watu wa jinsia yake, au kwamba hajijui yukoje. Wapo. Wapo hapa hapa Moshi, kwenye kwaya, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) na kamati za parokia. Hawasemi, maana wanajua jambo kama hili likitajwa jumuiyani asubuhi, mchana limeshafika Kiborloni.

Mama mmoja ameniruhusu nisimulie lake, bila jina wala mtaa. Kijana wake yuko kidato cha tano, alikuwa likizo. Walikuwa jikoni wanamenya ndizi za machalari, mikono wameipaka mafuta ili utomvu usigande. Kijana akasema bila kuinua macho: "Mama, wenzangu wakiongea habari za wasichana, mimi sihisi kitu. Nahisi kwa wavulana. Sijui nina shida gani, naogopa." Mama akaendelea kumenya. Alipopata sauti akasema, "Nisogezee sufuria." Basi. Usiku baba alipoambiwa, nyumba ikawaka moto: bweni limemharibu, ni hizo simu, ni mambo ya Wazungu, ni pepo, apelekwe akaombewe, akimaliza shule tu aoe. Na juu ya yote, watu watasemaje? Kijana alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno.

Huyo baba mimi simshambulii. Hata Maria alianza na uchungu wake na wa Yosefu kabla ya kusikia habari za mtoto, na Injili haikumfichia. Mzazi aliyelia, aliyekosa usingizi, aliyemuuliza Mungu "kwa nini nyumbani kwangu", hajatenda dhambi. Nataka tuangalie kilichofuata. Mstari wa 50 hawakuelewa. Mstari wa 51 mtoto anashuka pamoja nao mpaka Nazareti, na mama anayaweka hayo yote moyoni. Hakusubiri aelewe ndipo amrudishe nyumbani. Wala hakusimama mlangoni pa hekalu kuwatangazia mahujaji. (Najua, mtoto wako si Yesu, na swali lake si lile la hekaluni. Hapa ninawatazama wazazi.)

Kuna atakayeuliza: je, tunataka kubadilisha mafundisho? Hapana. Katekisimu, namba 2357 hadi 2359, haikubali matendo ya jinsia moja na inawaita wenye mwelekeo huo kwenye usafi wa moyo. Maaskofu wa Afrika, kupitia shirikisho lao la SECAM, walisema wazi Januari 2024 kwamba hapa kwetu hakutakuwa na baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Hilo wengi tunalijua, na tunalisema kwa sauti kubwa. Namba 2358 ndiyo hatuisomi: watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Imeandikwa katika kitabu kile kile. Anayenukuu namba moja na kuruka inayofuata asiseme analinda mafundisho.

Papa Fransisko aliulizwa swali hili hasa Agosti 2018, akiwa kwenye ndege akitoka Ireland: baba afanye nini mtoto wake akimwambia hivyo? Akajibu kwamba kwanza asali, asihukumu, azungumze naye, ampe nafasi ajieleze. Akaongeza kuwa kukaa kimya si dawa, na kumpuuza mtoto huyo ni kupungukiwa na ubaba na umama. Kwa hiyo hata lile "nisogezee sufuria" halitoshi, ingawa mimi naona ni afadhali mara mia kuliko fimbo.

Kuhusu maombezi. Kumwombea mtoto ni wajibu, na hakuna anayekukataza. Kumpeleka mtoto mahali alazimishwe kufunga kula siku nyingi, akemewe kwa makelele na kushikwa kichwa mpaka akiri kuwa "limetoka", hapo pana hatari. Marekani kulikuwa na shirika la Kikristo, Exodus International, lililofanya kazi tangu 1976 likiahidi kuwabadilisha watu hawa kwa sala na ushauri. Mwaka 2012 kiongozi wake mwenyewe, Alan Chambers, alikiri kuwa karibu wote aliokutana nao hawakubadilika. Mwaka uliofuata akawaomba radhi waliojeruhiwa, na shirika likafungwa. Hao walikuwa waumini, walisali kweli. Kijana anayeambiwa kila wiki kwamba hajapona kwa sababu hana imani, mwishowe anaacha kusali, au anajifunza kukudanganya vizuri.

Na tafadhali, siri ya mtoto isitoke mdomoni mwako. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 154 kuhusu kujamiiana kinyume cha maumbile, ina adhabu ya kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Kinachoadhibiwa ni tendo, lakini mtaani hakuna anayetofautisha tendo na hisia za kijana aliyekuwa anauliza tu. Shangazi akiambiwa "kwa nia ya sala", kesho shuleni wanamwita shoga, keshokutwa anapigwa. Ukihitaji kuzungumza, na utahitaji, tafuta padre au mtu mmoja mwenye kifua.

Kuna waliokwisha kumfukuza mtoto. Kwenu nawakumbusha jani la isale. Wazee wetu wa Kichagga walituachia kwamba mkosaji akija na isale mkononi, aliyekosewa hawezi kumkatalia. Tumezoea mdogo ndiye anayempelekea mkubwa. Mimi sioni kinachomzuia baba kulichuma pale pale mpakani mwa kihamba chake, shamba la nyumbani, na kumpelekea mwanawe. Desemba inakuja, magari yatapanda Kibosho, Marangu na Rombo, na katika baadhi ya nyumba kuna jina ambalo halitatajwa mezani. Mpigieni simu. Msianze na mjadala. Muulizeni anafika lini.

Yule kijana wa ndizi amerudi shule. Mama anampigia Jumapili, siku mwalimu anapowaruhusu simu, na safari iliyopita waliongea habari za mtihani wa fizikia tangu mwanzo hadi mwisho. Baba bado hajasema naye. Baada ya Yesu kurudi Nazareti, Luka anaruka miaka mingi. Tunapokutana naye tena ana kama miaka 30. Miaka yote ile anasema tu kwamba mtoto alizidi kukua.

Jumamosi tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama kawaida. Fungu la tatu la rozari tutawaombea wazazi na watoto wasioelewana, bila kutaja majina, na naomba asiwepo wa kuuliza "ni akina nani hao?" Anayetaka kuzungumza na mimi abaki tukikunja mikeka.