Kazi kisiwani, kitanda Kisauni

Bandari na ofisi nyingi ziko kisiwani Mombasa, lakini wafanyakazi wengi hulala ng'ambo: Kisauni na Bamburi kaskazini, Likoni kusini. Asubuhi wote waelekea upande mmoja, na kwa wa kaskazini mlango ni Daraja la Nyali tu. Kwa upande wa ajali, foleni yenyewe haiui sana, mwendo wa kobe. Angalia ile njia tupu ya kurudi: dereva wa matatu anawahi abiria wengine, anatoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa. Mwendo ukizidi mara 2, nishati ya mgongano huzidi mara 4! Na hapo hapo bodaboda anachomoka katikati ya foleni, mtu anavuka mbio kuwahi steji. Kupanua barabara bila matuta stejini kwaongeza kasi tu. Ajira nazo zisogezwe ng'ambo, watu waende kazini kwa miguu.